Wapenzi wa Hadithi za Ajabu na za Picha katika Nakuru ya Zamani

Waandishi wa tarikhi ya Nakuru wamezoea kuanza na reli iliyofika kando ya ziwa mwaka 1900, wakaendelea na walowezi waliogawiwa ardhi ya Njoro, Molo, Solai na Subukia, kisha wakamaliza na ngano, pareto na maziwa. Wala hawastahili lawama, maana mji ule ulizaliwa na reli ukanyonyeshwa na mashamba. Walakini upo upande mwingine wa maisha ya watu wale ambao haukuandikwa katika daftari la stesheni wala katika buku la karani wa shamba, nao ni jinsi walivyozipenda hadithi: si hadithi za mababu peke yake, zilizosimuliwa jikoni wakati wa usiku, bali hadithi zilizotungwa na kuchorwa na watu waliojulikana kwa majina yao, zikapigwa chapa mbali, zikapakiwa katika gari la moshi au motokaa, na zilipofika Bonde la Ufa zikakuta watu wamekwisha kuzingoja. Nataka kuieleza habari ya mahaba hayo, na hasa habari za mtu mmoja ambaye hatajwi popote ilhali naamini kuwa ndiye aliyekuwa nguzo yake, yaani yule aliyekuwa akiwasomea wenzake.

Ili kumfahamu mtu huyo yatupasa kwanza tukumbuke Nakuru ilikuwa mji wa watu gani. Reli ilipochepuka hapo katika miaka ya 1920 na kupanda Timboroa kwenda Eldoret, kisha Uganda, Nakuru ikawa njia panda ya nchi nzima ya magharibi. Wakakusanyika Waluo na Waluhya wa karakana na mabehewa, Wagikuyu waliohamia mashamba ya walowezi kuwa maskwota, Wakalenjin walioshuka kutoka nyanda za juu, Wanubi, Wasomali na Waswahili wa Bondeni, na Wahindi wenye maduka. Katika landi za reli na katika nyumba za manispaa, Bondeni na Kaloleni, ukuta mmoja ulitenga lugha mbili, na ua mmoja ulikuwa na lugha tano. Kila mtu alikuwa na lugha ya mama yake kwa ajili ya siri na matanga, na Kiswahili kwa ajili ya yote mengine. Kwa hiyo hadithi yoyote iliyotaka kuupata mji mzima, iwe imeandikwa kwa lugha gani, sharti ipite katika Kiswahili, ama kwa kalamu ya mtungaji ama kwa kinywa cha msomaji.

Wala watu hao hawakuwa wageni wa mambo ya ajabu. Juu ya mji limekaa bonde la Menengai, kinywa cha volkano kipatacho kilomita 12 kwa upana, na tangu zamani imesimuliwa kwamba mashujaa wa Kimaasai wa Laikipia walishindwa vitani na ndugu zao wa Purko katika karne ya 19 wakatupwa humo, na kwamba roho zao hazijatulia. Imesimuliwa pia kwamba mtu aliyezoea njia za bonde lile huweza kupotea humo mchana kweupe, akazunguka kutwa, kisha akaonekana pale pale alipoanzia, asijue alikokuwa. Mji uliolala chini ya mlima wa namna hiyo hauhitaji kufundishwa kusadiki kwamba nyuma ya dunia hii ipo nyingine; unahitaji tu mtu wa kuipanga hadithi vizuri.

Vitabu vya kwanza vilivyofanya kazi hiyo katika Kiswahili vilitoka pwani na katika shule za misheni. Visa vya Abunuwasi, yule mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid aliyegeuzwa na wasimuliaji wa pwani kuwa bingwa wa hila na majibu ya mkato, vilikuwa katika vitabu vya darasani, na mtoto wa shule ya shambani Elburgon alimjua Abunuwasi kabla ya kuijua Mombasa. Mwaka 1929 riwaya ya H. Rider Haggard ya safari ya kutafuta machimbo ya Sulemani ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kwa miaka mingi ikasomwa shuleni Kenya na Tanganyika. Hadithi za Alfu Lela Ulela nazo zilikuwapo. Kisha akaja Shaaban Robert. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande zote za ulimwengu, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na hekima na kutupwa gerezani. Mwaka uliofuata kilitoka Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani na jini, na ndugu yao aliyewapenda anaamriwa kuwapiga kila usiku. Wanazuoni wa leo huvisoma vitabu hivi kwa ajili ya siasa na maadili yake, nao wana haki. Lakini mimi nashikilia kwamba msomaji wa kawaida wa wakati ule alishikwa kwanza na nchi ile iliyoning'inia hewani, na manyani wale waliolia kwa machozi ya binadamu, na maadili yakaja baadaye kwa hiari yake.

Vitabu hivyo vilipataje kufika mashambani? Halmashauri ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948 na kuongozwa na Charles Richards, haikuridhika na kuchapa peke yake; ilikuwa na maktaba ya posta, iliyompelekea msomaji kitabu kwa barua akakirejesha kwa barua, na ilikuwa na masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mahali ambapo hapakuwa na maktaba, yakakaa kwa muda, kisha yakabadilishwa. Atakayefikiri juu ya sanduku la namna hiyo ataona mara moja sheria yake: vitabu ni vichache, wanaovitaka ni wengi, na siku za kuondoka kwake zinahesabika. Hapo ndipo alipozaliwa msomaji wa kundi. Aghalabu alikuwa karani, au mwalimu wa shule ya msingi, au fundi cherehani aliyekaa barazani mwa duka la Mhindi, au kijana aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo akabaki na elimu yake bila kazi ya kuitumia. Hakuwa mwenye mali kuliko wenzake. Alikuwa na mambo mawili tu, macho yaliyozoea herufi na sauti isiyochoka, na kwa mawili hayo akapewa kiti kilicho karibu na taa.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maskwota wa Kigikuyu kwa maelfu walifukuzwa katika mashamba ya Bonde la Ufa wakarejeshwa katika hifadhi zao, magazeti ya Kigikuyu yakapigwa marufuku, na watu watano waliokaa pamoja usiku wakawa jambo la kuulizwa. Ni katika muongo huo huo wa dhiki ambapo Edward Gicheri Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, mtu wa kawaida, mwenye suruali isiyomkaa vyema na akili isiyomfikisha alikokusudia, ambaye kila siku hupata shauri jipya la kujinusuru, na kila siku shauri hilo humwangukia kichwani. Taifa Leo lilipoanza kutoka kila siku, mwaka 1960, Juha alipata humo nyumba yake ya kudumu, akakaa kwa makumi ya miaka, mpaka waliomcheka wakiwa watoto wakawaonyesha wajukuu wao. Sidhani kwamba yuko mchoraji mwingine wa Afrika ya Mashariki aliyekaa na wasomaji wake muda mrefu kiasi hicho kwa mtu mmoja na kwa lugha moja.

Juha hakuhitaji mkalimani. Alikuwa kwa Kiswahili, tena kwa picha, hata asiyejua kusoma aliweza kumfuata kwa kidole; na kwa hiyo alipendwa kwa namna iliyo tofauti na wengine nitakaowataja. Gazeti lilifika Nakuru kwa barabara ile iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano katika ukingo wa Bonde wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwendo wa kilomita 160 kutoka Nairobi. Na katika hoteli za chai, mteja aliyeingia alilikuta juu ya meza, limekwisha kukunjuliwa katika ukurasa wa Juha kabla ya ukurasa wa kwanza. Mwenye gazeti alikuwa mmoja. Wenye Juha walikuwa wote waliopita pale mpaka jioni, karatasi ilipolowa chai na kuchanika kwenye mikunjo. Na mazungumzo yaliyofuata hayakuwa ya uchoraji: yalikuwa ya kumshauri Juha. Watu walibishana angefanyaje asikamatwe, angemjibu nini mkewe, na iwapo kweli yuko mtu mjinga kiasi kile. Hapo kila mmoja alimtaja jirani yake.

Sasa nafika kwa yule aliyepata mapenzi ya vijana kuliko wote, ijapokuwa hakuchorwa bali alipigwa picha. Katika miaka ya 1960 kampuni ya jarida la Drum ilianza kutoa magazeti ya hadithi za picha yaliyoitwa African Film, na ndani yake mpelelezi Mwafrika, Lance Spearman, aliyeitwa na wapenzi wake The Spear. Alivaa kofia ya Panama na tai ya kipepeo, alivuta sigara nene, aliendesha gari la michezo, na mkononi alikuwa na glasi ya wiski au bastola, kwa kadiri saa ilivyotaka. Alisaidiwa na binti aliyeitwa Sonia, na mtoto hodari aliyeitwa Lemmy, na rafiki yake wa polisi, Kapteni Victor. Akapigana na wabaya wasiokufa upesi, kama Rabon Zollo, na wataalamu waliopotoka na mashine zao za kuangamiza miji. Kila toleo lilikatika mahali pabaya, shujaa akiwa amefungwa kamba au gari likielekea shimoni, na msomaji akaachwa wiki nzima na roho yake mkononi.

Kwa kijana wa Kaloleni au wa Gilgil aliyekua akiona katika sinema kwamba anayeokoa mji ni Mzungu na anayebeba mzigo ni mwenzake, jambo hili lilikuwa kubwa kuliko ninavyoweza kulieleza. Katika dunia ya Spearman shujaa alikuwa Mwafrika, na adui pia Mwafrika, na mkuu wa polisi Mwafrika, na daktari, na tajiri, na bibi aliyevaa lulu. Mzungu hakukatazwa kuingia, ila hakuhitajika. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na hapa palikuwa na mji, usiotajwa nchi yake, uliokwisha kuwa huru kana kwamba haukupata kutawaliwa kamwe. Wengi wa wapenzi hao hawakujua kwamba mji ule ulipigwa picha Afrika ya Kusini na Swaziland, chini na kando ya utawala wa ubaguzi ambao serikali yao ilikuwa imeugomea. Wala kwamba baadhi ya hadithi zilitungwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko Lesotho. Wala kwamba aliyecheza Spearman, Jore Mkwanazi, alikuwa mtumishi wa nyumbani aliyepiga piano katika vilabu vya usiku kabla ya kuvishwa kofia ile. Nami nionapo mambo hayo leo simpungukii heshima hata chembe. Mtu aliyelazimishwa kupita mlango wa nyuma wa nyumba za watu aliwafundisha vijana wa nchi asizozifikia namna ya kuingia kwa mlango wa mbele.

Hapa ndipo msomaji wa kundi alipofikia kilele cha kazi yake, kwa sababu Spearman alisema Kiingereza. Wanafunzi wa sekondari walikimudu, lakini wapenzi wa Spearman walikuwa wengi kuliko wanafunzi wa sekondari: walikuwamo utingo wa mabasi, na wapiga rangi viatu, na watoto wa darasa la nne, na askari wa usiku. Kwa hiyo mmoja alishika gazeti, wengine wakamzunguka wakitazama picha juu ya mabega yake, naye akasoma kimya maneno yaliyokuwa kinywani mwa shujaa, akanyanyua kichwa, na kuyatamka kwa Kiswahili. Tena si Kiswahili cha kitabu, bali cha Nakuru, chenye neno la Kijaluo hapa na la Kigikuyu pale. Lililokuwa tishio fupi katika Kiingereza lilirefushwa likawa majigambo, na kimya cha shujaa kikatiwa maneno. Wasikilizaji walijua kwamba si yote yaliyomo, na hawakujali. Kama msomaji wa siku hiyo alikuwa baridi, walimnyang'anya gazeti wakampa mwingine. Nasema kwamba Lance Spearman wa Nakuru hakuwa yule wa Lagos wala yule wa Accra, ijapokuwa kofia na sigara zilikuwa zile zile, kwa kuwa maneno yake yalitungwa mara ya pili kwenye baraza, na mtungaji wa mara ya pili hakulipwa wala hakuandikwa jina.

Magazeti hayo yaliishi maisha marefu. Lilipomalizwa na mwenyewe lilibadilishwa kwa jingine, na desturi ya kubadilishana ikawa na kanuni: lenye jalada kwa lenye jalada, lisilo na jalada kwa mawili, na lililokosa ukurasa wa mwisho halikupokewa na mtu yeyote mwenye akili. Mwishowe liliangukia mikononi mwa wauza vitabu wa chini, maduka ya "inama", waliotandaza gunia kando ya njia na kuyapanga pamoja na vitabu vya shule, na riwaya za James Hadley Chase, na katuni za Kiingereza na za Kihindi. Miaka ya mwanzo ya 1970 Spearman alikoma kutoka. Huko Dar es Salaam Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ya mwaka 1965 ilikuwa miongoni mwa hadithi za mwanzo za upelelezi katika Kiswahili, alikuwa ametengeneza jarida la picha la namna hiyo hiyo, Film Tanzania; Kenya haikupata mwenzake, nalo ni pengo ninalolisikitikia, kwani wasomaji walikuwapo na mkalimani alikuwa amekwisha kuwaandaa.

Walichopata ni Joe. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno, mwandishi wa habari, na Terry Hirst, mchoraji Mwingereza aliyehamia Kenya katika miaka ya 1960, walianzisha jarida hilo la kuchekesha na kufikirisha, na ndani yake wachoraji kama Gitau na Kimani Gathingiri wakapata kurasa za kuchora maisha ya mjini. Lilidumu mpaka 1979. Lilikuwa jarida zuri, lenye moyo, lakini lilimwelekea zaidi mtu wa Nairobi mwenye mshahara wa mwezi, na ningesema uwongo kwa kudai kwamba liliitikisa Nakuru.

Aliyeitikisa ni Hirst huyo huyo katika muongo uliofuata, kwa mfululizo wa Pichadithi, vitabu vyembamba ambamo ngano za makabila zilichorwa kwa mtindo wa katuni za mashujaa. Humo alikuwamo Abunuwasi, amerudi baada ya nusu karne, na kilikuwamo kisa cha Simbi Nyaima, kijiji kilichomnyima bikizee ukarimu kikazamishwa ziwani. Na alikuwamo Lwanda Magere. Huyu ni shujaa wa Waluo aliyekuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikigonga na kuanguka, mpaka adui zake wa upande wa Nandi walipompelekea binti yao kuwa mke, na binti akagundua kwamba nguvu zake zilikuwa katika kivuli; wakakichoma kivuli, naye akafa akageuka mwamba. Hebu msomaji afikiri kitabu hicho kikifunguliwa darasani Nakuru, ambako benchi moja lilikaliwa na mtoto wa Mluo wa reli na mtoto wa Mnandi! Kwa mmoja binti yule ni msaliti, kwa mwingine ni mwanamke aliyewaokoa watu wake kwa akili pale wanaume waliposhindwa kwa mikuki. Na mtoto wa Kigikuyu au wa Kiluhya, asiye na damu katika ugomvi ule, ndiye aliyeombwa kuamua. Hadithi ambayo kila kabila lilikuwa likiisimulia kwa upande wake, ndani ya nyumba yake, ilikuwa sasa imewekwa mezani mbele ya wote, kwa picha ambazo hakuna aliyeweza kuzikana. Nafikiri hakuna kitabu cha uraia kilichofanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Muongo huo ulikuwa na jambo jingine ambalo siwezi kulipita mbio, ijapokuwa aliyelifanya hakuwa mchoraji. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa siri juu ya karatasi za choo katika gereza la Kamiti, mwaka 1978. Na ilipochapishwa Aprili 1980 nakala 5,000 zilikwisha kwa takriban mwezi mmoja, ikachapwa tena na tena, hata ulipofika mwisho wa mwaka zilikuwa zimetoka nakala 15,000. Ni kitabu cha maajabu: Warĩĩnga anasafiri kwa matatu kwenda Ilmorog, mji wa kubuni, kuhudhuria mashindano ya wezi na wanyang'anyi wa kisasa ambamo matajiri wanasimama mmoja mmoja kujisifia wizi wao, na Shetani anasema kwa kinywa chake. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi kilivyosomwa: jamaa walikutana jioni baada ya jioni, mmoja akisoma, wafanyakazi walikisikiliza wakati wa mapumziko ya mchana, na katika baa msomaji aliketi na bilauri yake, akifika penye utamu na bilauri ikawa tupu, alikiweka kitabu chini, na wasikilizaji wakapiga kelele aletewe nyingine ili aendelee. Wale waliokuwa wakimjua msomaji wa kundi wa Bonde la Ufa hawakustaajabu. Kilichokuwa kipya ni kwamba amepata malipo.

Kilichotokea kwa Matigari, riwaya yake ya mwaka 1986, kinazidi hilo. Shujaa wa kitabu hicho anatoka msituni baada ya vita vya ukombozi, anazunguka nchi akiuliza wapi mtu aweza kupata ukweli na haki, hashikiki wala hafi kwa urahisi. Kwa mujibu wa Ngũgĩ, mapema 1987 zilifika serikalini habari kwamba wakulima wa Kenya ya kati wananong'ona juu ya mtu aitwaye Matigari anayezunguka na maswali hayo. Ikatolewa amri akamatwe. Askari wakarudi kusema kwamba huyo ni mtu wa kitabuni. Basi kikakamatwa kitabu, kikaondolewa madukani Februari mwaka huo. Wapenzi wa mtunzi yeyote duniani hujisifu kwamba wamemfanya shujaa wao aishi. Hawa wa kwetu wana ushahidi wa polisi.

Na sasa nimtaje Frank Odoi, ambaye kwa uamuzi wangu ndiye msanifu mkubwa kuliko wote wa hadithi za ajabu kwa picha waliopata kuishi katika nchi hii. Alizaliwa Ghana mwaka 1948, akaja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, akafanya Nairobi kuwa mji wake mpaka kufa. Magazeti ya Nairobi yalichapa vipande vya hadithi zake mbili mashuhuri: Golgoti, iliyoligeuza kwa kicheko lile simulizi la Mzungu mvumbuzi katika Afrika ya kale, na Akokhan, utenzi wa picha juu ya mtu mwenye nguvu za kiganga na hasimu wake Tonkazan, ambao ugomvi wao unatoka katika imani na mila za Afrika ya Magharibi, ukapitishwa zama hata zama. Odoi alikuwa na mkono wa ajabu. Misuli, miti, ngozi za wanyama, moshi wa makafara, vyote vilichorwa kwa wino kwa subira ya mtu anayechonga mpingo, na jicho la msomaji lilichelewa juu ya kila kisanduku hata likasahau kwamba hadithi inaendelea.

Wapenzi wa Akokhan walikuwa kizazi kingine, waliosoma shule na kukimudu Kiingereza, na kwa hiyo hawakuhitaji mtu wa kuwasomea kwa sababu ya lugha. Walihitajiana kwa sababu nyingine. Hadithi ilitoka kipande kwa kipande, na aliyekosa gazeti la siku moja alikosa pigo lililovunja mkono wa mtu, ikawabidi waulizane. Palikuwa na waliokata vipande kwa wembe na kuvibandika kwa gundi katika madaftari ya shule, na daftari la namna hiyo lilizunguka bweni zima kuanzia Njoro hadi Naivasha, likirudi na alama za vidole na maoni pembeni. Walibishana juu ya mipaka ya nguvu za kila mmoja, na kama dawa ya Kiafrika ingemshinda shujaa wa katuni za Marekani. Na wengine, wakichukua penseli, walijaribu kumwiga, wakampa Akokhan ndugu wa kutoka Menengai.

Odoi alikufa tarehe 21 Aprili 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi. Wengi waliompenda hawakuwa wamepata kuuona uso wake. Mchoraji hujulikana kwa sahihi yake iliyo chini ya kisanduku, na kwa siku ile sahihi hiyo ilitazamwa upya katika madaftari yale ya zamani.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ilianza kuchapa Nairobi vitabu vya katuni kwa Kiswahili, na cha Gado, yule Mtanzania aliyekuwa mchoraji wa gazeti la Nation, kilikuwa Abunuwasi. Mjanja wa Baghdad akapewa sura, kilemba na punda kwa mkono wa kijana wa Dar es Salaam. Na mwaka 2010 likaja Shujaaz, jarida la katuni lililotolewa bure, likasambazwa ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa, kwa Sheng, na mhusika wake Boyie ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akatengeneza redio ya siri chumbani na kuzungumza na vijana wa nchi nzima wasiojua ni nani. Humfaa sana mtu kama huyo kuwa shujaa wa Nakuru, maana amekuwapo barazani pale tangu siku za sanduku la vitabu. Na kwa kuwa Sheng ya Nairobi si ile ya Bondeni, na ile ya Bondeni si ile ya Molo, kibandani alisikika mmoja akilisoma toleo jipya kwa sauti, akifika penye neno la Eastlands ya Nairobi aliliacha, na mahali pake alilitia la kwao.